Mafuta ya Mbao Unayonunua Kwa Duka Bado Iko na Vitamini A? Kuna Mwanga Unaweza Kukuambia

Unakumbuka Juni 2024? Kabla mambo ichemke kabisa, Mswada wa Fedha ulikuwa na kipengele kimoja kilichoshtua hata mathe wa chapo: ushuru wa asilimia 25 kwa mafuta ya kupika. Mkate nao ulikuwa unawekewa VAT ya asilimia 16. Watu wakapiga hesabu, wakapiga kelele, na tarehe 18 mwezi huo hizo vitu mbili zikatolewa. Yenye ilifuata wiki iliyokuja unaijua, na kuna wasee hawakurudi nyumbani, kwa hivyo hapo sitaleta jokes.

Nataka tu kukuuliza swali moja. Bei ya mafuta tuliipigania. Nani alishawahi uliza yenye iko ndani?

Juu kuna kitu unalipia kila siku na hujawahi kukiona. Tangu 2012, sheria ya Kenya inasema mafuta ya kupika ya kiwandani lazima iongezwe vitamini A. Unga wa mahindi wa paketi na unga wa ngano pia ziko kwa hiyo sheria, na zenyewe zinawekwa orodha ndefu zaidi: vitamini za B kadhaa, madini ya chuma, zinki. Si hisani ya kampuni, ni lazima. Na sababu ni nzito. Shirika la Afya Duniani limekuwa likisema kwa miaka kwamba watoto kati ya 250,000 na 500,000 hupofuka kila mwaka juu ya kukosa vitamini A, na karibu nusu yao hufariki ndani ya mwaka mmoja baada ya macho kuzima. Ndio maana ukienda kliniki na mtoto utaona nesi akikata kile kidonge laini, cha bluu kwa mtoto wa miezi 6 hadi 11, chekundu kwa wa mwaka mmoja kwenda juu, na kumdondoshea mdomoni. Kama mathe yako alikupeleka, ulikunywa hiyo kitu ukilia.

Sasa kwa nini mafuta? Juu kila mtu anakula mafuta. Tajiri anakula, hasla anakula, wewe na chipo yako ya soo saa nne usiku unakula. Halafu vitamini A inayeyuka vizuri kwa mafuta, tofauti na maji. Na kuna kitu ilinichekesha nikisoma hii story: mafuta mengi tunayopikia hapa inatoka kwa mawese ya Malaysia na Indonesia. Mawese ikikamuliwa inakuwa nyekundu, na huo wekundu ni karotini, kitu ambacho mwili wako hugeuza kuwa vitamini A. Lakini sisi tunataka mafuta safi, ya kung'aa, kwa hivyo kiwanda inaisafisha mpaka wekundu wote unaisha. Halafu ndio inarudisha vitamini A ya kununua. Tunaitoa, tunairudisha, tunaweka nembo.

Hapo kwa kiwanda hakuna noma sana. Noma inaanza barabarani.

Fikiria safari ya salad ya kupima. Inatoka kiwandani kwa mtungi wa lita 20. Inafika kwa holsela, inakaa. Inafika duka ya mtaa, inawekwa nje kando ya mlango ndio watu waione, na jua ya saa saba inaipiga fiti. Mwenye duka anaimimina kwa chupa za plastiki zenye unaona ndani, za mbao, za finje, anazipanga kwa dirisha ziking'aa kama dhahabu. Wewe unaona urembo. Vitamini A inaona kifo. Hii molekuli haipendi mwanga, haipendi hewa, haipendi joto. Ukiiacha kwa jua ndani ya chupa isiyo na rangi inavunjika polepole, na mafuta inabaki vilevile: rangi ile, harufu ile, bei ile. Hakuna mahali imeandikwa kwamba kitu kimetoka. Na ukikaangia mafuta moja viazi kutoka asubuhi hadi usiku, hiyo ndio usiniulize.

Na hapo kwa chupa ya mbao hakuna hata nembo. Nembo ilibaki kwa mtungi. Unanunua kwa imani.

Sasa hapa ndio mambo inakuwa tamu, juu hiyo mwanga inayoua vitamini ndio pia inaweza kuitoboa siri.

Ushawahi kuwa klabu, zile taa za zambarau zikawashwa, ukaona jin na toniki ya mtu inang'aa bluu kama kitu ya sinema? Si uchawi na si mchele. Ni kwinini, ile dawa chungu ya malaria iliyo kwa maji ya toniki. Kwinini inameza ile mwanga ya zambarau ambayo macho yako haioni vizuri, ultravayoleti, halafu inaitema ikiwa mwanga ya bluu unayoona. Jamaa mmoja wa Uingereza, George Stokes, aliandika kuhusu hiyo kitu mwaka wa 1852 akitumia hiyo hiyo kwinini, na ndiye aliipatia jina ambalo wanasayansi wanatumia mpaka leo. Hakuwa klabu, lakini ni same tu.

Vitamini kadhaa hufanya hivyo. B2, inayoitwa riboflavini, ndiyo inapenda kujionyesha zaidi: ukiipiga mwanga wa bluu ama ultravayoleti inatoa rangi ya kijani ya kumanjano. Ndio hiyo pia hufanya ukimeza multivitamini asubuhi, mkojo wa saa sita unafanana na reflekta ya mtu wa boda. Vitamini A nayo inataka mwanga wa nanomita karibu 325, na inajibu na bluu hafifu. Kila moja na sahihi yake. Ni kama ile mashine ya wakala wa M-Pesa: anaweka thao yako chini ya taa ya zambarau, kama ni genje kuna alama zinawaka, kama ni feki ameshakuangalia vibaya.

Kwa hivyo sensa ya vitamini, ukitoa maneno makubwa, ni vitu tatu tu. Taa ndogo inayotoa rangi moja kamili. Tone la kile unachopima. Na jicho la elektroniki linalohesabu ni mwanga kiasi gani umerudi, na wa rangi gani. Mwanga mwingi, vitamini nyingi. Mwanga kidogo, mtu anakudanganya ama jua imefanya kazi yake.

Na hizi vitu zimekuwa ndogo ajabu. Kampuni ya Hamamatsu ya Japani inauza spektromita, yaani kifaa cha kugawa mwanga kwa rangi zake na kuupima, yenye inatoshea kwa ncha ya kidole na uzito wake ni gramu 5. Kitambo kifaa kama hicho kilikuwa kinakaa kwa meza nzima ya maabara na profesa hataki ukiguse.

Nikajiambia, wacha nijaribu. Usicheke. Kabla karo initoe shule nilikuwa nasomea umeme, na mikono bado inawasha. Nikapanda mathree hadi tao, nikaingia Luthuli, nikanunua tochi ya zambarau ya bei ya chini. Usiku kwa keja nikazima taa. Nikapanga vitu kwa sakafu: enaji drinki moja yenye kopo lake linasema iko na B2, maji ya mfereji, salad ya mbao kutoka duka ya hapo chini, na salad ya chupa ya supamaketi ya jirani aliyenionea huruma.

Enaji drinki niliimimina kwa glasi na ikawaka kijani kichafu hivi. Maji ikabaki maji. Nikaona ni mimi Stokes wa Eastlands.

Halafu nikamulika mafuta. Zote mbili zikawaka. Kidogo, bluu ya kupauka. Ile ya duka iliwaka zaidi, nikaruka juu: yaani mafuta ya mbao iko na vitamini kushinda ya supamaketi? Nilikuwa nimeshika simu tayari kurekodi video. Bahati nikasoma kwanza.

Tochi za bei rahisi hutoa mwanga wa nanomita karibu 395. Vitamini A inataka 325. Sasa nilikuwa nagonga mlango usio wake, na wenye walifungua ni wengine. Mafuta iko na vitu kibao vinavyong'aa, na mafuta iliyozeeka, iliyopigwa na jua na kuanza kuoza polepole, inaweza hata kung'aa zaidi. Kwa hivyo ile nilikuwa nashangilia inaweza kuwa ndio mbaya kabisa. Kwa hivyo siku ukiona msee kwa TikTok anamulika maziwa ama mafuta na tochi ya zambarau akisema "hii ni feki, hii ni orijino", skroli. Kung'aa peke yake si ushahidi. Ushahidi ni kung'aa kwa rangi sahihi, ukitumia taa sahihi, ukilinganisha na kipimo unachokijua tayari.

Hiyo ya mwisho ndio kazi yenyewe, na wenye wameifanya wapo. Kule Teltow, karibu na Berlin, kuna kampuni ya Ujerumani inaitwa BioAnalyt inayotengeneza kifaa kinaitwa iCheck. Kinashikika mkononi. Unavuta mafuta kidogo na sindano, unaingiza kwa kichupa chenye dawa tayari, unatikisa, unaweka kwa kifaa, unangoja, namba inatokea. Kwa mafuta, dawa iliyo ndani inabadilika rangi ikikutana na vitamini A na kifaa kinasoma hiyo rangi. Kuna kaka yake inayopima ule mwanga wa kung'aa, ya maziwa na unga. Huhitaji digrii. Huhitaji maabara yenye eya kondishena. Vifaa hivi vimetumika kwa nchi nyingi zinazoongeza vitamini kwa chakula, na ni vitu vya dakika, si vya kutuma sampuli na kungoja barua.

Kumbe si ndoto. Teknolojia iko. Mbona basi haiko kwa mfuko wako?

Hapa lazima nikuambie story ya SCiO. Mwaka wa 2014 kampuni ya Israeli, Consumer Physics, ilienda Kickstarter na kadude kadogo ka kushika na vidole viwili. Ahadi: elekeza kwa chakula, dawa ama mmea, simu yako itakuambia kilicho ndani. Watu wakachanga zaidi ya dola milioni 2.7. Kadude kalichelewa, walionunua wakateta hadi wakachoka. Januari 2017 wakatokea tena Las Vegas na kampuni ya China, Changhong, na simu inaitwa H2 yenye hiyo sensa ndani. Wewe unajua mtu mwenye hiyo simu? Mimi pia sijui.

Si kwamba hawakuwa na kitu. Mwanga wao ulikuwa wa infraredi ya karibu, na huo ni poa kupima vitu vingi-vingi: maji kiasi gani, sukari, mafuta kwa jibini. Lakini vitamini ni vitu vya miligramu kwa kilo nzima, zingine hata hazifiki hapo. Ni kama kutafuta sauti ya mtoto mmoja ndani ya Kasarani siku ya Mashemeji Dabi. Sauti iko. Lakini Ingwe na K'Ogalo wanaimba.

Maziwa ni ngumu zaidi, juu imejaa matone ya mafuta na protini yanayotawanya mwanga kila upande. Ndio maana ni nyeupe. Juisi ya kibanda ina rangi ya beetroot, karoti, na mara nyingine rangi ya duka. Vitamini C haitoi mwanga wa maana, inameza tu ultravayoleti ya mbali, mahali ambapo vitu vingine elfu pia vinameza. Sasa ukiambiwa kuna saa ya mkononi inapima vitamini C kwa juisi kwa kuielekezea tu, weka doo kwa mfuko.

Wenye wako na akili wamegeuza swali. Pale chuo cha Cornell, Marekani, watafiti waliacha kuhangaika na chakula wakaangalia damu. 2014 walionyesha simu ikipima vitamini D, na 2016 wakatoa NutriPhone, ya B12: damu, karatasi maalum yenye inabadilika rangi, na kamera ya simu ikisoma ile rangi. Jicho ni lile lile ulilonalo. Ujanja uko kwa karatasi. Kwa maoni yangu hapo ndio pesa inafaa kuenda, juu swali la mwisho si kama mafuta iko na vitamini. Ni kama mtoto iko nayo.

Lakini kuna kitu kingine kinanisumbua, na hiki sijaona kikizungumzwa mtaani. Unakumbuka kile kibanio cha kidole cha wakati wa Korona, cha kupima oksijeni? Hiyo pia ni sensa ya mwanga, nyekundu na infraredi. Desemba 2020 utafiti mmoja wa Marekani ulionyesha kile kibanio kilikosa kugundua oksijeni iliyoshuka kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu kushinda kwa wazungu. Mashine haikuwa na chuki. Ilikuwa tu imefunzwa zaidi na ngozi nyeupe, na melanini yetu inameza mwanga. Watu wakarudishwa nyumbani juu namba ilisema wako sawa.

Sasa chukua hiyo funzo ulete kwa mafuta. Sensa ikifunzwa na mafuta safi ya alizeti ya Ulaya, halafu uiletee salad ya mawese imekaa kwa mtungi wa njano miezi miwili Githurai, itasema nini? Kama hatutaipima na mafuta yetu, maziwa yetu, unga wetu, tutakuwa tumenunua mashine ya kutudanganya kwa namba yenye desimali. Na namba yenye desimali watu huiamini kushinda Biblia.

Kwa hivyo mimi sisemi kila mtu anunue sensa. Mimi nauliza ni nani anashika ile taa. Sahii, kupima kunafanywa zaidi kwa kiwanda na kwa supamaketi, ambako mafuta iko na chupa, nembo, namba ya kiwango na mtu wa kushtaki. Hasla wa chupa ya mbao, ambaye hiyo sheria ilitungwa kwa ajili yake hasa, ako mwisho wa foleni. Ile vitamini A inatoka kwa mfuko wake. Inaingia kwa bei, haijalishi imefika ama imekufa njiani.

Septemba 2023 serikali ilipatia wahudumu wa afya wa kijamii, wale wa kutembea nyumba kwa nyumba, mikoba. Wako kama 100,000 nchi nzima. Ndani ya mkoba kuna mashine ya presha, ya sukari, na simu ya kurekodi. Mashine ya sukari! Yaani tayari tumekubali kwamba mtu wa kawaida, aliyefunzwa siku chache, anaweza kuchukua tone la kitu na kusoma namba. Sisemi kila mmoja apewe iCheck, vile vichupa vyake ni vya kutumia mara moja na lazima vinunuliwe tena na tena. Lakini afisa wa afya wa wadi, mmoja, kifaa kimoja, akipita maduka kumi kwa mwezi akivuta mililita chache kutoka kwa chupa za dirishani, halafu matokeo yabandikwe mahali watu wanaona? Kaunti zinanunua magari ya bei gani, jameni.

Na kuna kazi haihitaji hata sensa. Mtungi kwa kivuli. Chupa za rangi ama kifuniko cha karatasi. Kununua ya wiki moja badala ya kuweka ya mwezi. Maziwa ya ATM usiyabebe kwa chupa ya wazi ukipitia soko yote, juu ile B2 yake nayo inakufa kwa jua.

Jana nilishuka kwa duka nikamkuta mathe ameketi, na zile chupa zimepangwa kwa dirisha, jua ya saa nane imezipiga zinang'aa vizuri sana. Nikamweleza yote. Nanomita, Ujerumani, kwinini. Akanisikiliza na heshima mpaka mwisho, akafuta kaunta.

"Kijana yangu, nikiziweka ndani nani ataziona?"

Nikakosa jibu. Nikamwambia angalau mtungi usongee nyuma ya mlango, kwa kivuli.

Akauangalia mtungi. Akaniangalia.

"Wewe songesha basi, uko na nguvu. Halafu ukimaliza tuongee ile deni ya unga."

Niliusongesha.